Njano Niliyoifuta

Jirani yangu mwenye duka la vifaa vya umeme hapa Kikula, mjini Likasi, hanunui kitu kwa sababu kimesifiwa. Watu wake walitoka Maniema zamani na biashara yao na sala zao tano, naye amerithi vyote viwili, pamoja na tabia ya kushuku kila boksi lililofungwa vizuri. Alipoletewa kutoka Lubumbashi skrini moja pana ya kompyuta, akaambiwa kwamba ndiyo wanayoitaka watu wa video siku hizi, hakuiweka dukani. Aliivusha barabara mwenyewe, ameikumbatia kifuani, akaitua juu ya meza yangu na kupangusa jasho.

"Mama, weye njo uko na macho," aliniambia. "Bakia nayo juma moja. Ufanye nayo kazi ya kila siku, ufanye nayo na video. Kisha uniambie kama iko nasema kweli ao iko nadanganya. Ikisema kweli, nitaagiza zingine."

Nilikubali haraka, na kwa maringo. Nina zaidi ya miaka kumi na tano nikihariri video katika chumba hiki kimoja: harusi, matanga, ubatizo, mahafali, na siku za kuzaliwa za watoto ambao hawajui hata kwamba wamezaliwa. Mimi ni mwanamke mwenye ulimi mkali na subira fupi. Wateja wanalijua hilo na bado wanakuja, kwa sababu nikikushikia harusi yako hata shemeji yako mlevi atatoka mtu wa heshima. Kuambiwa kwamba nina macho kulinipendeza sana. Leo neno hilo likisemwa mbele yangu naangalia chini.

Siku mbili za kwanza nilifurahi, siwezi kukataa. Skrini yenyewe ni ndefu ubavuni kiasi kwamba nililazimika kusogeza ukutani mashine ya kuchapisha na birika la chai. Niliweka barua ya mteja upande mmoja, picha za pasipoti upande wa pili, na katikati bado palibaki nafasi ya kusoma habari. Nilichukua daftari la shule nikaanza kumwandikia jirani ripoti yake. Maandishi ni madogo lakini yanasomeka. Kioo kinarudisha mwanga wa dirisha, kwa hiyo anayeinunua asikae dirisha likiwa mgongoni. Mguu wake ni mkubwa mno. Mwenye meza ndogo aanze kwanza kwa fundi seremala. Shingo huchoka siku ya kwanza, siku ya pili inazoea. Umeme ulipokatika na kurudi, iliwaka yenyewe bila kunuka, na hilo kwa Likasi niliona linastahili kupigiwa mstari.

Kwa montaji, yaani kuhariri video, ilikuwa raha tupu. Kwenye skrini yangu ya zamani, vipande vya harusi moja havikuenea. Ilinibidi nivisukume kushoto na kulia mchana kutwa ili nijue keki iko wapi na kiapo kiko wapi. Kwenye hii, harusi nzima ilinyooka mbele yangu, kuanzia bibi harusi akivikwa hadi wazee wakiaga. Niliandika: mtu wa video ataokoa kidole chake. Ilibaki kupima rangi tu, na hapo ndipo ninapojiona mjuzi.

Lazima nieleze kuhusu skrini ya zamani. Ilikuwa imezeeka, na kwa uzee wake ilikuwa imeingia njano. Karatasi nyeupe ilionekana imekaa juani, na nyuso zote zilionekana zimepakwa mawese. Sikuibadilisha, kwa sababu nilikuwa naijua kasoro yake, kama unavyoujua mlango wa kwako unaotaka kuinuliwa kidogo kabla haujafunguka. Kila video ilipoingia, kabla ya jambo lingine lolote, mkono wangu ulipunguza njano. Ulikuwa mkono tu. Akili haikushiriki tena.

Siku ya tatu nikasema, ngoja nilinganishe. Upana wa skrini mpya uliniruhusu kufungua madirisha mawili yanayotoshana, bega kwa bega: kushoto picha kama zilivyotoka kwenye kamera, kulia zile nilizozisahihisha. Nilichagua harusi ya mdogo wangu wa kike, ya miaka miwili iliyopita, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote. Niliifanya kwa mapenzi, bila haraka, na sikumruhusu mtu kunihimiza.

Mwanzoni nilicheka peke yangu. Upande wa kulia, shati la mchungaji lilikuwa limeingia samawati, kama nguo iliyozidishiwa buluu ya kufulia. Nikawafikiria wachungaji wote wa Likasi walio na rangi ya samawati ndani ya nyumba za watu, mwaka baada ya mwaka, na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kulalamika, maana kila televisheni ya mjini ina uongo wake. Niliandika kwenye daftari: skrini hii inasema kweli, imeniumbua. Kisha vipande viliendelea kutembea, na mama yangu akaingia.

Ilikuwa asubuhi, uani kwetu, kabla ya watu wa kwanza kufika. Mama amekaa kwenye kiti cha plastiki, wanawake wawili wa jirani wanamfunga kilemba, naye ameshika mkononi kitambaa cheupe cha kupangusia jasho. Upande wa kulia alikuwa mama niliyemzoea katika video hiyo: uso mweusi uliotulia, macho meupe, tabasamu. Upande wa kushoto alikuwa wa njano. Nilidhani ni mwanga, nikatazama kitambaa. Kitambaa kilikuwa cheupe. Vilemba vya wale wanawake vilikuwa vyeupe, na meno yao pia. Lakini macho ya mama yalikuwa njano kuanzia kona hadi kona, na alipoinua mkono kujipepea, kiganja nacho kilikuwa njano.

Nilisimamisha picha. Nilikaa nimeshika meza kwa mikono miwili.

Nilikumbuka siku nilipokaa kuisahihisha sehemu hiyo. Nilikuwa nimeshapunguza njano ya kawaida, ile ya mkono, na bado mama alibaki na rangi isiyonipendeza. Nikalaumu skrini. Nikalaumu na lile turubai la njano tulilokodi kwa ajili ya kivuli, ingawa saa hiyo lilikuwa bado halijafungwa. Basi nikauzungushia uso wake duara kwenye kompyuta, nikaosha ndani ya duara hilo peke yake. Halafu nikachukua macho, moja moja, nikayasafisha mpaka yakawa meupe. Ilinichukua siku nzima, maana kila alipogeuza kichwa nilipaswa kulisogeza duara pamoja naye. Nilijisifu. Nilisema moyoni, hakuna mtu katika mji huu anayeweza kumfanyia mama yake hivi.

Mtu atauliza, na macho yako ya kawaida yalikuwa wapi siku ya harusi? Yalikuwa kwenye kamera. Majuma yale mama alikuwa anatembea kama kawaida, amepungua kidogo, tukasema ni shughuli. Na kuna jambo jingine ambalo nasikia aibu kuliandika. Kwetu mtu akipata nafuu ya maisha, ngozi yake ikang'aa na kufunguka, husifiwa kwamba amekuwa "brune". Siku ile wanawake wote waliomsalimia mama walimwambia hivyo. "Mama, uko nakuwa brune! Batoto banakutunza!" Yeye alicheka akajifunika mdomo kwa kile kitambaa. Mimi niliyarekodi maneno hayo na kuyaacha ndani ya video, kwa sababu yalitusifu sisi watoto.

Nilikuwa bado nimekaa hivyo jirani yangu alipoingia kuuliza hali ya skrini yake. Alihamia mtaa wetu mwaka jana tu, hakuwahi kumwona mama. Alisimama nyuma ya kiti changu, akatazama picha iliyosimama, na kabla sijageuka akauliza kwa upole:

"Ule mama wa kushoto alikuwa mugonjwa?"

Aliona kwa kutazama mara moja, mtu wa kuuza nyaya na balbu. Nilimwambia kwamba ni mama yangu, na kwamba alikufa. Alisema maneno yao ya kumrudisha mtu kwa Mungu, akatoka bila kuuliza tena habari za skrini.

Mama alikufa juma la sita baada ya harusi. Hospitalini daktari alituambia kwamba kitu kilikuwa kimeota ndani na kuziba njia ya nyongo, na kwamba kitu cha namna hiyo hakianzi jana. Tulimsikia daktari kwa masikio tu. Kwenye matanga, kaka yetu mkubwa, anayepasua mawe kule Kakontwe na ambaye sote tunamwita yaya, kama tunavyomwita kila ndugu mkubwa, wa kiume au wa kike, alitaka watu wamwone mama akiwa mzima. Nikaleta video. Tukaiweka kwenye televisheni sebuleni, wanawake wamekaa chini kwenye mikeka, wanaume wamesimama mlangoni. Mama akaja na kilemba chake na macho yake meupe. Yaya alisimama, akaweka kidole juu ya kioo.

"Muangalie," alisema. "Ile siku ya mariage alikuwa muzima. Muangalie macho yake. Ni ugonjwa gani ya mbio hivi?"

Kisha shangazi mmoja akasema kwamba siku ya harusi chakula cha mama kilipikwa peke yake, katika sufuria ya peke yake. Sote tulijua ni nani aliyekipika. Alikuwa mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, aliyekuja kutoka Kapolowe siku tatu kabla na magunia ya unga na samaki, akasimamia jiko lote la harusi. Yeye na mama walikuwa wamewahi kugombana miaka ya nyuma kwa ajili ya shamba la baba yao. Ugomvi wenyewe ulishakwisha, lakini kwenye matanga ugomvi wa zamani hufufuka upesi.

Mama mdogo alikuwa amekaa palepale kwenye mkeka. Alijibu wazi, mbele ya watu wote. Alisema dada yake alikuwa mgonjwa tayari, macho yake yalikuwa jaune, yaani njano, mafuta yalikuwa yanamrudi kooni, na ndiyo sababu aliombwa kupika kando bila mafuta. Aliyasema bila kulia.

Yaya alinyoosha tu mkono kuelekea televisheni. "Jaune iko wapi?"

Watu walitazama, na jaune haikuwapo. Nami nilitazama pamoja nao. Ningependa kuandika kwamba wakati ule nilijua na nikanyamaza. Mtu anayejua na kunyamaza ni mwovu, lakini angalau anaeleweka. Mimi sikujua. Niliiamini kazi ya mikono yangu mwenyewe. Siku nzima niliyokaa kuifuta njano ile ilikuwa imetoka kichwani kabisa, kwa kuwa katika akili yangu sikuwa nimefuta kitu cha mama, nilikuwa nimerekebisha kosa la mashine. Nilimtazama mama mdogo nikaona mtu anayedanganya juu ya maiti. Alipotolewa matangani kabla ya siku ya mwisho, sikusimama. Alitafuta viatu vyake mlangoni, katikati ya viatu vya watu, na hakuna aliyeinama kumsaidia.

Tangu siku hiyo jina la sumu lilimfuata. Likasi na Kapolowe ni karibu, na habari za namna hiyo hazingojei gari.

Nilipotulia kidogo, siku ileile ya skrini, nilimpigia simu yaya nikamwambia aje. Alikuja Jumamosi mchana kutoka kazini, kofia na nyusi zimejaa vumbi jeupe la machimbo. Sikumweleza kitu. Nilimkalisha katikati, nikamwachia madirisha mawili.

Alitazama muda mrefu. "Hii ekrani iko mubaya," alisema. "Iko natia jaune."

"Angalia kitambaa yenye iko nayo mu mukono, yaya."

Akasogea. Akatazama kitambaa, akatazama vilemba, akarudi kwenye macho.

"Nani alifanya ile ingine?"

"Ni minye."

"Juu ya nini?" aliuliza, akitaka sababu.

"Nilifikiri ni kosa ya mashini. Nilitaka akuwe muzuri."

Nilingoja anipige au anitukane; ningeshukuru. Alivua kofia, akaivaa, akaivua tena, vumbi likaanguka juu ya meza. Aliuliza kama mama angepona, lau tungemwahi. Nikamwambia sijui. Hatutajua kamwe, na hilo peke yake linatosha kumlaza mtu bila usingizi. Lakini kulikuwa na jambo moja tulilolijua wote wawili, nalo lilikuwa linaishi Kapolowe.

"Tutaenda," nilisema. "Minye na weye. Tutasema mbele ya bantu kama hakuua muntu."

Yaya alitikisa kichwa. Ni mtu aliyenyanyua mawe maisha yake yote, na sijawahi kumwona ameshindwa kunyanyua kitu. "Siko na kinywa," alisema. "Nitamwambia nini? Uende weye. Ni weye njo ulifuta."

"Na ni weye njo ulimufukuza."

"Ndiyo," alisema. "Ni minye." Akalia palepale kwenye kiti cha wateja, kwa sauti, mpaka jirani yangu akatoka dukani kwake kutazama kuna nini. Hakwenda Kapolowe, na mpaka ninapoandika haya hajaenda.

Juma lilipokwisha nilimrudishia jirani daftari lake. Nilikuwa nimeandika sentensi moja zaidi chini ya zile za mguu na za dirisha: kwa rangi, iaminiwe. Aliniuliza kama nataka aichukue aiuze kwa mwingine. Nilisema aichukue. Kesho yake nilimfuata nikamwambia airudishe. Nina wateja, na kila mmoja wao ana mama.

Kapolowe nilikwenda asubuhi, na kompyuta ndogo ndani ya mfuko. Mama mdogo alikuwa uani akipukuchua mahindi. Nilimwona kabla hajaniona: amekonda, amepunguza nywele, mgongo umeanza kuinama upande ule mama alioinamia. Alipoinua macho hakushangaa wala hakukasirika. Aliingia ndani akaniletea kigoda, akarudi kukaa mbele ya mahindi yake.

Njiani nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kama nipangavyo vipande. Yote yalipotea. Nilikiacha kigoda nikapiga magoti kwenye vumbi.

"Mama, macho ya mama yalikuwa jaune ile siku. Minye njo niliyafuta mu kompyuta. Weye ulisema kweli, na minye nilinyamaza. Ni minye njo nilikuletea ile jina yote."

Aliendelea kupukuchua. Gunzi lilipoisha alichukua lingine.

"Ulifuta juu ya nini?"

"Nilitaka akuwe muzuri."

"Alikuwa muzuri," alisema.

Aliniambia nikae kwenye kigoda, magoti yangu yataumia. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: kwamba yeye hajawahi kuiona harusi ile. Siku yenyewe alikuwa jikoni nyuma ya nyumba tangu alfajiri, na nakala ya video hakuna aliyempa. Aliuliza kama ninayo. Nikafungua kompyuta juu ya gunia, nikamweleza kwamba wako mama wawili, mmoja niliyemsahihisha na mmoja kama alivyokuwa, nikamwonyesha wote.

Aliweka kidole chake, chenye vumbi la mahindi, kando ya yule wa njano.

"Ule njo yaya yangu," alisema. "Ule mwingine simujue."

Alimtazama dada yake akifungwa kilemba. Aliniomba nirudishe nyuma, nikarudisha, akaomba tena. Machozi yalimtoka akayaacha yashuke. Aliniambia kwamba asubuhi ileile, kabla sijawasha kamera, mama alimshika mkono nyuma ya nyumba akamsihi asiwaambie watoto, harusi ipite kwanza. Akamwahidi kwenda hospitali Jumatatu. Jumatatu mama alisema ana wageni, akataja Jumatatu nyingine. "Minye pia nilinyamaza," alisema mama mdogo. "Kama ningelisema siku ile, mungelinikasirikia juu ya kuharibu mariage. Lakini mungelinisikia." Tulilia pamoja, yeye na mimi, na kwa mara ya kwanza tangu mama afe nililia bila kuwa na hasira na mtu yeyote.

Nilimwambia kwamba nitarudi Jumapili ya pili yake na mdogo wangu, yule aliyeolewa siku ile, na kwamba tutasimama kanisani kwao na kusema mbele ya watu wote. Alisema vema. Hakusema kwa furaha kubwa. Alisema kama mtu anayeambiwa mvua itanyesha baada ya mahindi kukauka.

Nilipoinuka kuaga alikataa. Mgeni haondoki na njaa, alisema, na bukari, ugali wetu, ilikuwa karibu kuiva. Alileta maji, nikanawa. Akaleta bukari inayofuka, samaki wa ziwani, na majani ya viazi vitamu tunayoyaita kalembula, vyote katika sahani nzuri, zile za kuwekea wageni, akaviweka kati yetu. Nilisali kimya, nikafumbua macho.

Mama mdogo alikuwa amemega tonge. Alilichovya kwenye kalembula, akang'oa kipande cha samaki, akala. Akatafuna taratibu huku uso wake umenielekea, akameza, akafungua mdomo kidogo ili nione kwamba umebaki mtupu. Kisha akaweka mikono yote miwili juu ya magoti, viganja juu, akangoja.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa akinionjea, nisiogope sumu.

"Mama, hapana," nilisema. "Kwangu hapana. Usifanye vile."

Aliitazama mikono yake kama iliyowekwa pale na mtu mwingine, akaiondoa haraka.

"Ah, nilizoea," alisema. "Hata bajukuu yangu, minye njo naonjaka kwanza. Banawaza ni vile bantu bote banakulaka."